Gari likichemsha, usichemshe na wewe

Wiki hii sizungumzii mapenzi wala mitindo ya nywele. Nataka tuongelee joto. Siyo hili joto la Dar la kulala madirisha wazi, hapana. Naongelea joto la chini ya boneti, hasa kwa nyie washikaji mnaopenda magari ya mbio, yale yenye turbo na bomba la moshi linalonguruma mpaka watoto wa mtaa wanatoka nje kushangaa.

Dada zangu, msigeuze ukurasa. Na nyie mna sehemu yenu humu, nitawafikia.

Basi bwana, nina mshikaji wangu mmoja, jina kapuni, ambaye alitafuta hela kwa jasho mpaka akanunua Subaru Impreza WRX iliyokwishatumika. Ukitaka kumjua vizuri, mguse kwenye hiyo gari. Atakuhadithia jinsi Colin McRae alivyochukua ubingwa wa rali wa dunia mwaka 1995 akiwa na Impreza, halafu mwaka 1997 akaja Kenya kushinda Safari Rally na Impreza vile vile. Atakueleza mpaka chai ipoe. Sasa mtu akishakuwa na gari yenye jina namna hiyo, kuna kaugonjwa kanamwingia. Anaanza kuamini gari yake haiwezi kumtia aibu barabarani.

Desemba mwaka 2023 dada yake alikuwa na sendofu nyumbani kwao Iringa. Gauni la bibi harusi mtarajiwa lilinunuliwa Kariakoo, na sisi ndio tuliopewa dhamana ya kulipeleka. Ndani ya gari tulikuwa wanne: mshikaji kwenye usukani, mchumba wake kiti cha mbele, mimi na mama mdogo wake nyuma. Mama mdogo alikuwa amelipakata lile gauni kwenye mfuko wake wa nailoni kama mtu aliyepakata mtoto mchanga.

Tulitoka Dar alfajiri. Chalinze tukapita, Morogoro tukanywa chai, Mikumi tukaangalia swala. Ila kabla hatujatoka mjini niliona kitu ambacho ningekuwa na akili ningekiuliza. Kwenye buti kulikuwa na dumu la maji la lita kumi. Nikamuuliza la nini. Akanijibu, "Hii mashine inapenda maji kidogo, kila wiki naiongezea."

Nikacheka. Msomaji, hapo ndipo nilipochemsha mimi wa kwanza.

MAJI YANAKWENDA WAPI?

Mfumo wa kupooza injini ni mfumo uliofungwa. Maji yake hayanyweki na injini kama petroli inavyonywewa. Wota pampu inayasukuma, yanazunguka kwenye vijia vilivyo pembeni ya silinda na ndani ya hedi, yanabeba joto, yanakwenda kwenye rejeta, upepo unayapooza, yanarudi tena kazini. Gari nzima inaweza kukaa miezi na miezi bila kupungua maji ya kuonekana. Kwa hiyo gari "inayopenda maji" ni gari inayovuja. Labda mpira wa rejeta umechoka, labda wota pampu inadondosha, labda mfuniko haubani, au labda gasketi ya hedi imeanza kuachia na maji yanaunguzwa ndani yakitoka kama moshi mweupe. Dumu la kwenye buti halitibu hata kimoja katika hivyo. Linaficha tu.

Na kwenye gari ya mbio mambo ni mazito zaidi. Joto linalopatikana kwa kuunguza petroli halizungushi matairi lote. Kwa makadirio, theluthi moja ndiyo inayofanya kazi, theluthi nyingine inatoka na moshi, na inayobaki ndiyo mzigo wa maji na rejeta. Ukiongeza turbo, inayozungushwa na moshi wenyewe ukiwa wa moto kama jiko la fundi chuma, injini inaunguza petroli nyingi kwa wakati mmoja na joto linapanda kwa kiwango hicho hicho. Turbo ya Impreza nayo inapoozwa na hayo hayo maji, pamoja na oili. Halafu zile pistoni za Subaru zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, kama mabondia wanaorushiana ngumi. Maana yake hedi ni mbili na gasketi za hedi ni mbili. Ukiunguza, unaunguza kwa jozi.

Mshikaji alikuwa na jibu la hayo yote. Alikuwa anagonga lile tundu lililo juu ya boneti na kusema, "Upepo wote unaingia hapa, itachemshaje?" Ndugu zangu, lile tundu halipoozi injini wala maji. Chini yake kuna intakula, kazi yake ni kupooza hewa inayotoka kwenye turbo kabla haijaingia kwenye silinda. Rejeta iko mbele, nyuma ya bampa, na upepo wake unapita huko. Tundu la juu halina msaada wowote kwake.

KITONGA HAINA MASIHARA

Tukavuka Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na mafungu ya vitunguu barabarani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Baada ya hapo, wanaoijua njia wanajua kinachofuata: mlima Kitonga. Kona juu ya kona, mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, na mbele yetu foleni ya malori ya mizigo yanapanda kwa mwendo wa mtu mwenye kidonda mguuni.

Mahali kama hapo ndipo ugonjwa uliofichwa unapojitokeza. Kwenye tambarare gari inakwenda kasi, upepo unapita kwenye rejeta mwenyewe. Mlimani nyuma ya lori, injini inafanya kazi kubwa, upepo hakuna, tegemeo ni feni peke yake. Mshikaji akipata upenyo anakanyaga mafuta, turbo inapiga mluzi, tunapita lori moja, tunakwama nyuma ya jingine.

Nikachungulia geji ya joto. Mshale ulikuwa umevuka katikati.

Nikamwambia, "Mzee, mshale huo." Akasema, "Mlima tu, utashuka." Mama mdogo naye akasikia. Akasema kwa upole, "Baba, si usimame kidogo lipumzike?" Mshikaji akajibu, "Mama mdogo, hii gari ya mashindano. Nikisimama hapa yale malori yote niliyoyapita yatanipita."

Umeona ugonjwa wenyewe? Aliogopa kupitwa na malori, na mchumba yuko pembeni anaangalia.

Nikamwambia basi zima AC, fungua hita mpaka mwisho. Hiyo kweli inasaidia, kwa sababu hita nayo ni karejeta kadogo kanakochukua joto la maji na kulitupa ndani ya gari. Mtatoka jasho kama mko kwenye tanuri, lakini injini inapumua. Akafungua. Hewa ya moto ikaja. Baada ya dakika chache ile hewa ikaanza kuwa baridi, na mshale nao ukashuka ghafla mpaka chini.

Mshikaji akapiga usukani kwa furaha. "Mmeona? Si nilisema!"

Hata mimi nilishangilia. Leo nakwambia msomaji, kata na ubandike ukutani: injini ina moto halafu hita inapuliza baridi, na mshale unaporomoka ghafla, ujue maji yamekwisha. Kile kidude kinachopima joto kimetengenezwa kiguswe na maji. Maji yakiondoka kinabaki kwenye hewa, kinadanganya. Tulikuwa tunashangilia wakati injini inaungua kavu.

Kona mbili mbele nguvu ikakata. Ukasikika mgongano wa chuma, ngo ngo ngo, kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko. Mvuke ukatoka kwenye lile lile tundu la boneti. Gari likasimama. Na malori yote tuliyoyapita yakaanza kutupita, moja moja, madereva wanatuangalia.

MKONO WANGU

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndiyo sababu nimeandika makala haya.

Tulishuka kwa haraka. Kila mtu alikuwa na dumu la maji kichwani. Mimi ndiye niliyechukua kitambaa na kuzungusha ule mfuniko. Fizikia form four nilipata F, sifichi, lakini siku ile nilifundishwa upya.

Maji ya kawaida pale Dar usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda juu, kiwango kinashuka. Iringa mjini ni karibu 95 tu. Ndani ya rejeta maji yanafungiwa kwa presha na ule mfuniko, na presha ndiyo inayoyazuia yasichemke hata yakifika nyuzi 110 na zaidi. Sasa wewe ukifungua mfuniko, presha inaondoka mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke wote kwa pamoja na kutafuta pa kutokea. Pa kutokea palikuwa mkono wangu wa kulia, kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko.

Kovu ninalo. Kwa wiki tatu nilikuwa nalishwa kama mtoto. Kama ningekuwa nimeinama kidogo zaidi, ungekuwa uso, na leo labda usingekuwa unasoma safu hii.

Kwa hiyo gari likichemsha, fanya hivi. Mshale ukianza tu kuvuka pale ulipozoea kukaa, zima AC, fungua hita, punguza mguu, tafuta pa kusimama palipo salama. Usingoje ufike kwenye nyekundu. Magari mengi siku hizi mshale umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kidogo, kwa hiyo ukiuona unasogea juu ujue mambo yameshaharibika. Ukisimama na mshale uko kwenye nyekundu au mvuke unatoka, zima injini. Fungua boneti, kaa pembeni, piga stori. Nusu saa ni kidogo, saa nzima ni nzuri. Usiguse mfuniko mpaka ule mpira mnene wa juu wa rejeta uweze kuushika na kuubonyeza bila kuungua. Hata hapo weka kitambaa kinene, geuza uso pembeni, zungusha robo tu kwanza, subiri mluzi uishe, ndipo umalizie.

Na usimwage maji ya baridi kwenye injini yenye moto. Hedi ni ya alumini. Chuma cha moto kikipigwa na baridi ghafla kinaweza kupasuka. Kama dumu umeshalileta, subiri kwanza injini ipoe, halafu ongeza kidogo kidogo.

MAFUNDI WETU NA THEMOSTATI

Kulipokucha, fundi mmoja wa Iringa, mzee mtaratibu, akafungua injini. Akatuonyesha mambo matatu.

La kwanza, rejeta ilikuwa imeziba kwa ukoko mweupe kama sufuria ya kuchemshia maji. Mshikaji alikuwa anajaza maji ya kisima cha nyumbani kwake Dar, na sote tunajua visima vingi vya Dar vina chumvi. Chumvi ile inaganda kwenye vijia vya rejeta na kula alumini. Dawa ni kulanti, nusu yake na nusu maji yasiyo na chumvi. Watu wanasema kulanti ni ya nchi za barafu. Si kweli. Inazuia kutu, inalinda wota pampu na inachelewesha maji kuchemka. Kwa Dar tunaihitaji kama wanavyoihitaji Wazungu.

La pili, themostati haikuwepo. Fundi wa kijiweni aliitoa zamani, akasema nchi ya joto haihitaji. Usemi huo umezagaa Bongo nzima, na ni uongo. Themostati ni mlango unaofunguka maji yakifika joto fulani, kwenye Subaru hizi ni nyuzi kama 76 hadi 80. Hewa ya Dar ni nyuzi thelathini na kitu. Iko mbali sana na hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake la kazi, inakula mafuta, inalika. Na kwenye injini nyingi maji mengine yanakata njia na kurudi bila kupita kwenye rejeta. Mbaya zaidi, ukiona gari imeacha kuchemsha baada ya kuitoa, unadhani imepona, kumbe rejeta iliyoziba bado ipo.

La tatu, hewa. Impreza zenye turbo zina katanki kadogo karibu na intakula, kako juu kuliko rejeta, na maji yanajazwa hapo. Mshikaji alikuwa anajaza kwenye rejeta tu, kwa hiyo hewa inabaki juu, na hewa haibebi joto kama maji. Ukibadilisha maji ya gari lolote, muulize fundi hewa inatolewa wapi. Akikushangaa, tafuta fundi mwingine.

Fundi akaongeza moja la bure. Ukitoka kuliendesha gari la turbo kwa nguvu, usilizime hapo hapo. Liache lingurume taratibu dakika moja mbili ili oili na maji yaipooze turbo kwanza.

Lakini hayo yalikuja tumekwishachelewa. Hedi zote mbili zilikuwa zimepinda, pistoni moja imekwaruza ukuta. Mshikaji alikuwa ameweka akiba ya kufungua duka la nguo Sinza. Hela ile yote iliishia kwenye injini nyingine iliyotumika. Duka mpaka leo halijafunguliwa. Na gari lenyewe halikuwa na kosa. Lilitoa taarifa kila wiki kwa kupungua maji, na siku ile likatoa taarifa kwa mshale.

GAUNI

Tulikaa Kitonga mpaka giza likaingia. Dereva mmoja wa lori, mmoja wa wale wale tuliowapita kwa mbwembwe mchana, alikuwa amepakia vitunguu, akasimama akampakia mama mdogo na gauni lake, na mimi na mkono wangu. Iringa tulifika usiku mkubwa. Sendofu ilishakuwa katikati. Dada wa watu alikuwa ameingia ukumbini na gauni la kuazima kwa jirani, limembana mabegani. Mama mdogo akampelekea lile la Kariakoo hivyo hivyo, linanukia vitunguu. Binti akalichukua, akamshukuru, akalikunja akaliweka chini ya kiti chake. Picha zote za sendofu ile ana gauni la jirani.

Kaka yake hakuwepo hata kwenye picha moja. Alikuwa Kitonga analinda gari.

Sasa dada zangu, niliwaahidi. Yule mchumba aliniambia baadaye kwamba yeye aliuona mshale kabla yangu. Alinyamaza kwa sababu hakutaka kumwaibisha mwanaume mbele ya mama mdogo wake. Jamani! Ukiwa kwenye gari, na wewe una roho yako humo ndani. Ukiona mshale unapanda, sema. Akinuna, mwache anune akiwa amesimama pembeni ya barabara, injini nzima. Na wewe kijana unayeendesha, ukiambiwa simama, simama. Malori yakupite. Yatakupita tu, na wewe utayakuta mbele.

Kesho asubuhi kabla hujawasha, injini ikiwa baridi, fungua boneti, angalia maji. Yakiwa yamepungua, usiishie kuongeza. Tafuta yanakwenda wapi.

Tukutane wiki ijayo hapa hapa, Mungu akipenda. Kama una kovu kama langu, najua umeusoma mpaka mwisho.